Gershomu wa Maretadu: Nani anamlea mtoto wa mtumishi?

Somo: Kutoka 18:1-24



Musa alipopata mtoto wake wa kwanza kule Midiani alimwita Gershomu, kwa sababu yeye mwenyewe alijiona mgeni katika nchi isiyo yake (Kutoka 2:22). Ni jina zito kumvika mtoto mchanga. Mgeni alikuwa baba. Mtoto alizaliwa pale pale, mama yake Sipora alikuwa wa pale, na babu yake Yethro alikuwa kuhani wa pale. Lakini kila mara mtoto yule alipoitwa kuja kula au kulala, aliitwa kwa ugeni wa baba yake.

Leo nataka tuwatazame kina Gershomu waliomo katikati yetu, yaani watoto wadogo wanaolelewa ugenini kwa sababu baba au mama ametumwa na kanisa. Tunawaombea wazazi wao kila Jumapili. Watoto wenyewe tunawataja mara chache sana.

Maretadu, kata ya Wilaya ya Mbulu mkoani Manyara, ni mahali pazuri pa kuanzia. Nyanda hizi zina jambo ambalo ni nadra kulikuta kwingine Afrika: makundi manne ya lugha yasiyo na undugu yanaishi jirani. Wairaqw wanasema lugha ya Kikushi. Wadatoga, pamoja na ndugu zao Wabarabaig wa upande wa Hanang, wanasema lugha ya Kinilo. Wanyisanzu na Wanyiramba ni Wabantu. Nao Wahadzabe wa bonde la Eyasi wana lugha yao yenye sauti za kudoa ulimi. Mtoto wa miaka miwili akiletwa hapa kutoka Oslo, au kutoka Bukoba, atakapofika miaka minne atakuwa anacheza kwa Kiiraqw, anasali kwa Kiswahili, na lugha ya bibi yake mzaa mama anaisikia jikoni tu. Mwulize kwao ni wapi. Atakuonyesha nyumba ya kanisa, ambayo baba yake akihamishwa wataiacha na kukabidhi funguo.

Injili ilifika nyanda hizi mikononi mwa watu wenye familia na wasio na familia. Wakatoliki wana Jimbo la Mbulu tangu 1953. Walutheri wa Norwei walifungua hospitali ya Haydom mwaka 1955, na leo hospitali hiyo ni mali ya Dayosisi ya Mbulu ya KKKT. Mmoja wa watoto waliokulia katika uwanja wa hospitali ile, Dk. Ole Halgrim Evjen Olsen, alikuja kuwa daktari na kuiongoza, kama baba yake alivyoiongoza kabla yake. Hiyo ni picha nzuri ya malezi ya ugenini: mtoto anakua, anapaona pale kuwa nyumbani, na anarudi kutumika akiijua lugha na watu kuliko mgeni yeyote.

Lakini historia haina picha hiyo moja tu.

Gharama iliyolipwa na wadogo

Johann Ludwig Krapf, ambaye kila msomaji wa Kiswahili ana deni kwake kwa kazi yake ya kamusi na tafsiri, alifika Mombasa mwaka 1844 pamoja na mke wake Rosine. Kabla ya hapo walikuwa wamempoteza mtoto wa kike aliyezaliwa safarini, katika nyika za upande wa Uhabeshi. Mwezi Julai 1844 Rosine alijifungua tena, homa ikamshika, akafa. Mtoto naye akafuata baada ya siku chache. Krapf mwenyewe alikuwa kitandani na homa ile ile. Kaburi lao liko ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, upande wa Nyali. Tunaposimulia kwamba misheni ya Afrika Mashariki ilianza na Krapf, tukumbuke pia kwamba ilianza na mama na mtoto mchanga katika kaburi moja.

David Livingstone na mke wake Mary walimzika binti yao Elizabeth akiwa na umri wa wiki chache tu, mwaka 1850. Mwaka 1852 Livingstone aliipeleka familia yake Uingereza, naye akaendelea na safari zake. Mwanawe mkubwa Robert alikua bila baba, akavuka kwenda Marekani, akaingia vita vya wenyewe kwa wenyewe kwa jina la uongo, akafa huko mwaka 1864. Baadaye Livingstone aliandika kwamba alipoitazama kazi yake ya umisionari hakujuta kitu, ila jambo moja: hakuona kuwa ni wajibu wake kutenga muda wa kucheza na watoto wake. Alipolitambua hilo, muda ulikuwa umepita.

Kisha zikaja shule. Wamisionari wa Africa Inland Mission walianzisha Rift Valley Academy mwaka 1906, na huko Kijabe Rais wa zamani wa Marekani Theodore Roosevelt aliweka jiwe la msingi la jengo lake mwaka 1909. Karibu zaidi na Mbulu, Walutheri wa Marekani walikuwa na shule ya watoto wao Kiomboi, Iramba. Zilikuwa shule nzuri, nazo zimetoa madaktari, walimu na wamisionari wapya. Lakini bweni ni bweni. Mtoto wa miaka sita au saba alifunga sanduku lake na kuondoka, na mama akabaki kituoni akiwafundisha kusoma watoto wa watu wengine.

Wako pia waliokua katikati ya wenyeji bila ukuta. Louis Leakey alizaliwa Kabete mwaka 1903, mtoto wa wamisionari wa Kianglikana. Alicheza na Wakikuyu wa rika lake, akaisema lugha yao kama wao, akapitishwa katika rika pamoja nao. Alipopelekwa shule Uingereza akiwa kijana wa miaka 16, ugeni wake ulianzia huko, katika nchi ambayo pasipoti yake iliiita nyumbani. Aliporudi Afrika aliitumia sehemu kubwa ya maisha yake katika bonde la Olduvai, si mbali sana na nyanda hizi za Mbulu. Wataalamu wa jamii wana jina la watoto wa namna hii: watoto wa utamaduni wa tatu. Mwanasosholojia wa Marekani Ruth Hill Useem alilianzisha katika miaka ya 1950. Maana yake ni kwamba mtoto ana nchi ya wazazi na nchi anamoishi, lakini moyo wake unakaa mahali pa tatu, kati ya hizo mbili.

Mmisionari wa leo ni jirani yako

Tukiishia hapo, tutadhani hii ni habari ya Wazungu. Sivyo. Mmisionari wa leo anayelea mtoto ugenini mara nyingi ni Mtanzania. KKKT imetuma watumishi katika nchi jirani kama Malawi, Msumbiji na Kongo. Makanisa mengine nayo yanatuma. Na ndani ya nchi yetu, mwinjilisti aliyezaliwa Machame au Muleba akipangiwa kituo kwa Wadatoga amevuka mpaka mkubwa wa lugha na desturi kuliko Mnorwei aliyehamia Uswidi. Hata makatekista wa Kikatoliki, ambao ni watu wa ndoa na watoto, wanalijua jambo hili.

Tofauti ni hii. Mmisionari wa zamani kutoka ng'ambo alikuwa na chama nyuma yake. Alikuwa na likizo ya kurudi kwao, na shule iliyojengwa kwa ajili ya watoto wake. Mwinjilisti wetu ana posho ambayo wakati mwingine inategemea sadaka ya mtaa wenye kaya chache, na mwaka wa mvua mbaya sadaka hiyo ni debe la mahindi. Mtoto wake akifikia umri wa shule, baba ana njia mbili tu. Abaki naye katika shule ya kijijini ambako mtoto bado hajaijua lugha ya wenzake, au ampeleke kwa shangazi mjini au bweni, na akope ada.

Hapo ndipo habari za siku hizi zinapoingia. Mwezi Machi 2023 Kamishna wa Elimu alitoa waraka wa kuzuia huduma ya bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, isipokuwa kwa kibali. Sababu yake ilikuwa rahisi kuelewa: mtoto mdogo anahitaji kukaa na familia yake ili alelewe na kushikamana nayo. Wazazi wengi walilalamika, na baadhi ya malalamiko yalikuwa na msingi, kwa kuwa wapo wenye kazi zinazowahamisha kila mara. Shule za makanisa yetu nazo ziliguswa, maana nyingi zina mabweni.

Mimi naona waraka ule uliuliza swali ambalo kanisa lilipaswa kuwa la kwanza kuliuliza. Ikiwa Serikali inasema mtoto wa miaka saba akae na mama yake, kanisa linalompangia mama huyo kituo lina mpango gani wa kuliwezesha hilo? Hatuwezi kuhubiri juu ya malezi siku ya Jumapili, na Jumatatu tukamhamisha mtumishi katikati ya muhula bila kuuliza ana watoto wangapi na wanasoma wapi.

Yethro alileta watoto

Turudi kwa Musa. Katika Kutoka 18 tunaambiwa kwamba Musa alikuwa amemrudisha Sipora kwa baba yake pamoja na wana wawili, Gershomu na Eliezeri. Kazi ya ukombozi ilikuwa kubwa, familia ikakaa pembeni. Yethro alipozipata habari za Misri hakuja mikono mitupu. Alimletea Musa mke wake na watoto wake huko jangwani. Wakaingia hemani, wakaongea, wakatoa sadaka, wakala.

Kesho yake Yethro alimwona Musa ameketi kuwaamua watu tangu asubuhi hadi jioni. Ndipo akamwambia kwamba jambo lile si jema, kwamba atajichosha yeye na watu pia, na kwamba awachague wengine wa kubeba mzigo pamoja naye. Kwa kawaida tunafundisha sehemu hii kama somo la uongozi. Lakini angalia mpangilio wa sura. Kwanza watoto wanaletwa, halafu kazi inagawanywa. Mzee yule aliona kwamba baba anayeamua kesi kutoka macheo hadi machweo hana mtoto, hata kama mtoto yuko hema lile lile.

Kuna mwisho wenye uchungu. Katika Waamuzi 18:30 tunamkuta mtu wa ukoo wa Gershomu akiwa kuhani wa sanamu kwa kabila la Dani. Biblia haitupi sababu, nami sitaibuni. Eli naye alihudumu hekaluni na wanawe wakaharibika. Samweli, aliyeyaona hayo kwa macho yake, wanawe hawakuenda katika njia zake. Maandiko hayafichi kwamba nyumba ya mtumishi inaweza kubomoka huku madhabahu inawaka.

Najua kuna atakayeniuliza: Je, Yesu hakusema kwamba ampendaye mwana au binti kuliko yeye hamstahili (Mathayo 10:37)? Alisema, na hatuwezi kulipunguza neno hilo. Lakini ni Yesu huyo huyo aliyewakemea waliotumia jina la korbani, yaani sadaka kwa Mungu, kukwepa wajibu kwa wazazi wao (Marko 7:11-13). Na ndiye aliyechukizwa wanafunzi walipowazuia watoto wasimfikie. Kujitoa mwenyewe ni sadaka. Kumtoa mtoto ambaye hakuulizwa, kisha kuuita uamuzi huo imani, ni jambo la kuogopa.

Sisemi watu wasiende. Wangebaki kwao, Haydom isingekuwepo, na wengi wetu tusingebatizwa. Nasema waende kama Yethro alivyotaka: na watoto wao hemani, na mzigo ukiwa mabegani mwa wengi.

Kwa usharika wa kawaida hili si jambo la fedha nyingi. Kabla ya mtumishi mpya kufika, wazee wa kanisa waulize majina na umri wa watoto wake. Uhamisho ungoje mwisho wa mwaka wa shule inapowezekana. Bajeti ya mtaa iwe na mstari wa ada ya mtoto wa mwinjilisti, hata kama ni mdogo. Mama mmoja wa kijijini awe bibi wa mtoto huyo, amfundishe lugha, amkaribishe kula na wajukuu wake. Na mtumishi apewe siku moja ya juma ambayo hata msiba mdogo unaweza kuhudumiwa na mzee wa kanisa, ili baba yule akae nyumbani na kucheza na watoto wake.

Musa alimwita mwanawe wa pili Eliezeri, kwa maana Mungu alikuwa msaada wake. Wa kwanza aliitwa ugeni, wa pili akaitwa msaada. Mtoto wa mtumishi aliye Maretadu leo, awe wa Kinorwei au wa Kihaya, ugeni tayari anao. Usharika unaompokea ndio utakaompa jina lile la pili.