Shosti, Baiskeli na Hema Moja

Msomaji wangu, ukishaoa au kuolewa, marafiki wanageuka kuwa watu wa harusi, misiba na vikao vya michango. Mnaonana, mnacheka, mnapiga picha, halafu kila mtu anaondoka na lake moyoni. Mimi naona hiyo ni hasara kwa ndoa yenyewe. Kuna maneno mtu hawezi kumwambia mwenzake mpaka ayajaribu kwanza kwa rafiki, na maneno hayo hayasemeki baa, muziki ukiwa juu.

Ndiyo maana mwezi huu nawaletea baiskeli. Msicheke!

Jumamosi moja mwezi wa saba, mimi na shosti wangu tulivuka na pantoni kutoka Magogoni kwenda Kigamboni. Daraja lipo tangu 2016, lakini kwa baiskeli pantoni ina raha yake. Kwenye keria tulifunga hema, mkeka, chapati, maji lita 6 na chupa ya chai. Na kabla hujaniuliza: ndiyo, mume wangu alijua nalala wapi na nani, alikuwa na namba ya simu ya kambi, na mtoto alibaki naye. Wala hakufa mtu.

Kutoka kivukoni mpaka Gezaulole ni kilomita kumi na kitu. Mwenye mazoezi anamaliza kwa saa moja; sisi tulitumia saa tano. Tulisimama kula mihogo ya kuchoma, tukasimama kunywa madafu, tukasimama tena kwa fundi maana tairi la nyuma la shosti lilipata pancha. Wa bodaboda mmoja akapunguza mwendo na kutuuliza, "Dada zangu, mafuta yamewaishia?"

Uzuri wa baiskeli ni kwamba hamtazamani usoni. Kimlima kikija mnanyamaza wote, na hakuna anayejiuliza mwenzake amenuna nini. Tulikuwa tumeshapita Mjimwema, tena nilikuwa nahadithia habari za saluni, shosti akasema tu, "Kazini wananipeleka Mwanza. Miaka miwili, na cheo juu. Wiki ya tatu hii sijamwambia baba watoto."

Nilitaka kujibu hapo hapo, mnanijua. Lakini lori la mchanga lilikuwa linakuja, ikabidi tufuatane, yeye mbele mimi nyuma. Kwa dakika kumi hivi nikamwangalia mgongo tu. Tulipokaa sawa tena akaendelea mwenyewe, na safari hii alisema lililomkaa kweli: haogopi kwamba mume atakataa. Anaogopa atakubali haraka.

Hilo, jamani, sikuwa na jibu lake.

Gezaulole kwa Kizaramo maana yake ni jaribu uone. Ni moja ya vijiji vya ujamaa vya mwanzo, na kabla ya hapo pakiitwa Mbwamaji. Nilipomwambia maana ya jina, shosti alicheka mpaka akashuka kwenye baiskeli.

Kwa wanaotaka kwenda: laleni kwenye kambi yenye mlinzi na choo, siyo ufukweni popote mnapopaona pazuri. Hema lisimamishwe juu ya ule mstari wa mwani mkavu, maana wakati wa bamvua bahari yetu hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Na chini ya mnazi msilale, hata kama kivuli ni kitamu. Nazi haina adabu. Msisubiri pia jua kuzama baharini, pwani hii inatazama mashariki. Amkeni alfajiri mlione likichomoza.

Usiku, baada ya changu wa kuchoma, tulifanya mazoezi. Mimi nikawa baba watoto. Nilimuuliza maswali magumu makusudi: watoto watabaki na nani, nauli ya kuja na kurudi nani atalipa, na kwa nini amekaa kimya wiki tatu. Hilo la mwisho lilimtoa machozi. Nikamwambia wazi kwamba kwa mtazamo wangu huo ukimya ni mzito kuliko Mwanza. Na kama mume akikubali haraka, amuulize kwa nini, asijijibie mwenyewe gizani.

Asubuhi alimpigia, kabla hata ya chai. Nilisikia upande mmoja tu. "Nikirudi nina neno nataka tuongee... Ndiyo, la heri. Nadhani. Watoto waende kwa bibi yao leo."

Tukala chapati za jana, tukakunja hema lenye mchanga. Kurudi upepo wa kusi ulikuwa mgongoni, tukafika kwenye pantoni kwa saa moja na nusu. Shosti alikuwa mbele muda wote.