Njaa Haikimbii Mita Mia

Nimechoka na hadithi ya njaa. Mkimbiaji akivunja rekodi tu, simu zetu zinajaa: ati alilala bila kula, ati alienda shule miguu mitupu, ati na wewe ukiwa na moyo kama wake utafika. Halafu mtu wa motisha anaibeba hiyo hadithi hadi ukumbini na kutuuzia tiketi. Na sisi tunapiga makofi.

Mimi hadithi hiyo ilinigharimu mguu. Kidato cha pili hakuna aliyeniweza kwa mbio. Uwanja wetu ulikuwa vumbi na mashimo. Kocha hatukuwa naye, tulikuwa na mwalimu, filimbi, na neno moja: "Jitume!" Siku ya mashindano nikajituma kweli, bila kupasha misuli moto, maana nani alitufundisha? Kama mita sitini hivi, paja likakatika. Niko chini nalia, mwalimu anasema sina moyo. Nilimwamini miaka mingi.

Sasa tuongee ukweli. Usain Bolt alikulia kijijini Trelawny, Jamaika, na wazazi wake walikuwa na duka. Shule yake ya upili, huko huko mashambani, ilikuwa na kocha Pablo McNeil, mtu aliyekuwa amekimbia Olimpiki mwenyewe. Na shule za Jamaika zina mashindano yao makubwa yaliyoanza 1910. Kwa hivyo ile 9.58 ya Berlin mwaka wa 2009 haikuanguka kutoka mbinguni. Hata siku hiyo kulikuwa na Tyson Gay nyuma yake, aliyemaliza kwa 9.71. Huwezi kulegea mtu kama huyo akikufuata.

Njoo nyumbani. Tarehe 18 Septemba 2021, Ferdinand Omanyala alikimbia 9.77 pale Kasarani, rekodi ya Afrika. Bidii alikuwa nayo, sibishi. Lakini pia alikuwa na tartani chini ya miguu, hewa nyepesi ya Nairobi, na Trayvon Bromell wa Marekani, aliyemshinda kwa sekunde 0.01 tu. Tena Omanyala alianzia kwenye raga kabla ya kuhamia mbio fupi. Hebu fikiria angepatikana akiwa na miaka kumi na miwili.

Utaniambia, "Lakini mabingwa wetu wa mbio ndefu walitoka kwa umaskini." Sawa. Barabara ya kijijini inaweza kukujengea mapafu. Haiwezi kukufundisha kuchomoka bunduki ikilia. Hiyo inataka njumu, uwanja, na mtu anayejua kurekebisha goti lako.

Ninachokasirikia ni hiki: hadithi ya njaa inawafaa wanaopanga bajeti. Uwanja unagharimu pesa, kocha anataka mshahara, lakini moyo ni wa bure, kwa hivyo wanatuambia tuulete sisi. Mtoto akishinda, wanapiga naye picha. Akianguka, kosa ni lake.

Motisha si njaa, jamani. Motisha ni kujua kwamba ukikimbia leo kuna mtu ameshika saa, na kesho atarudi kuishika tena.

Kwa hivyo ukimwona mtoto ameanguka mita ya sitini, usimuulize moyo wake uko wapi. Angalia kwanza uwanja.