Kigoda cha Baba

Ndugu wafanya kazi, twataka kusema juu ya jambo ambalo sote twalijua na sote twalificha. Mwalimu humwambia mtoto atengeneze kigoda, au taa ya betri, ailete Jumatatu. Jumapili usiku ukipita katika nyumba zetu za Changamwe utasikia nyundo. Nani agonga? Baba. Mtoto amelala zamani. Asubuhi kigoda chaenda shule, mtoto apata alama nzuri, na baba asinzia kazini. Na yule ambaye baba yake yuko zamu ya usiku hununuliwa kigoda kwa seremala wa njiani.

Masomo haya hatuyapingi. Ilipoanza 8-4-4 mwaka 1985 watoto walipewa kazi za mikono, lakini shule nyingi hazikuwa na karakana wala vifaa, na wazazi ndio walioambiwa wachange. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 masomo hayo yakaondolewa katika mtihani wa darasa la nane. Sasa yamerudi. Tangu 2023 watoto wa sekondari ya chini hufundishwa matayarisho ya ufundi, na Januari 2026 wale wa kwanza waliingia Gredi ya 10, ambako mwanafunzi aweza kuchagua useremala, kazi ya vyuma, umeme au ujenzi, ikiwa shule yake inayo. Ni vyema. Mombasa si mgeni wa ufundi: chuo kilichoanza kufundisha vijana Waislamu mwaka 1951 ndicho leo Chuo Kikuu cha Ufundi pale Tudor.

Lakini sisi wa reli twajua kuwa chuma hakidanganywi. Alikuja kijana mmoja kazini kwetu na cheti kizuri. Tukampa tupa asawazishe ukingo wa kipande cha chuma, naye akaikokota mbele na nyuma kama asuguaye sufuria, kumbe tupa hukata ikienda mbele tu. Hakuwa mjinga. Hakuna aliyepata kumpa tupa, akaharibu, akaambiwa rudia. Elimu yenyewe iko hapo: kupima, kuchora, kukata, kuona mguu mmoja umekuwa mfupi, na kutafuta ni kwa nini. Kigoda cha mtoto kinachoyumba kwetu chakishinda cha baba kilichotulia.

Basi twasema kazi hii ifanywe shuleni, mbele ya mwalimu, na wasichana washike msumeno sawasawa na wavulana. Shule isiyo na jiliwa isimtwike mzigo huo mama muuza mahamri. Serikali iliyoleta masomo ilete na vifaa. Na sisi pia tusikae tu. Changamwe, Miritini na Port Reitz kuna mafundi wetu waliostaafu, mikono yao bado mizima, wanacheza bao mchana kutwa. Chama kiwaendee wakuu wa shule, wazee hawa waitwe karakanani mara moja kwa juma, wasimame karibu na mwalimu.

Shauri hili tutalileta katika mkutano wa tawi. Mwenye jiliwa, randa au tupa iliyolala chini ya kitanda, na ampe katibu jina lake kabla ya siku hiyo.