Haki, Si Sadaka

Mwaka 2011 Serikali ya Kenya ilianza kuzisaidia nyumba maskini zenye mtu mwenye ulemavu mkubwa, na fungu likafika shilingi 2,000 kwa mwezi. Kipimo si jina la ugonjwa. Aliyepooza au mgonjwa wa akili huhesabiwa ikiwa hawezi kuishi bila kuangaliwa usiku na mchana. Mama amwangaliaye huacha shamba na kibarua. Je, fedha hizo zamtosha? Hazimtoshi! Na wako wasiozipata kabisa, kwa kuwa wamefichwa ndani. Ndugu wanachama, Katiba ya 2010, kifungu cha 43, yasema hii ni haki. Basi kila tawi liwatafute, liwapeleke wakaandikwe. Ulemavu si aibu. Aibu yetu ni kumficha mwenzetu.