Ua Lako Limemeza Ua wa Jirani

Ndugu zangu wa Nyamityobora, Mbarara,

Sisi huku Ohio ni wazima, kazi za usiku zinaendelea, watoto wanakua. Lakini leo sikuandika ili tuulizane hali tu. Kuna jambo limenikaa kooni wiki tatu sasa, na nisipowaambia nyinyi nitamwambia nani?

Mpwa wangu alinitumia video ya mazishi ya Mama Mdogo. Mnajua kwamba sikuweza kuja. Niliitazama jikoni, nimetoka kazini, hata viatu sijavua. Jeneza linatoka nyumbani, wanaume wanapokezana mabegani, kila mmoja anataka apate thawabu. Wanaingia kwenye njia yetu, wanakwama. Kulia kuna ukuta, na maua yamemwagika juu yake mpaka barabarani. Kushoto kuna uzio wa michongoma. Wabebaji wakapungua, wakajipanga mmoja nyuma ya mwenzake, jeneza likainama upande. Mwiba ukashika shuka la kijani lililomfunika mama yetu, likachanika. Sauti ya kuchanika kwake niliisikia kwenye simu.

Njia hiyo hiyo, nilipokuwa mdogo, pikapu mbili zilipishana pale bila dereva yeyote kupiga honi. Nani ameila? Msiniambie serikali. Tumeila wenyewe, hatua baada ya hatua, na tumeila kwa maua.

Mnajua inavyoanza. Mtu anapanda ukoka mbele ya nyumba, anasema ni wa kuzuia vumbi. Tunamsifu. Mvua zinazofuata anapanga mawe yaliyopakwa chokaa, ili boda zisimkanyagie ukoka. Nyuma ya mawe anapanda michongoma. Michongoma ikifika kifuani, anamwaga saruji ndani yake, anapata baraza. Mwisho anainua ukuta palepale penye uzio, na ukimuuliza anaapa kwamba huo ndio mpaka aliouacha babu yake. Mtaro wa maji nao umekwisha kufukiwa, umegeuka kitalu cha waridi. Mvua ya Novemba ikija, maji yanaingia vyumbani kwa watu wanaolala kwenye godoro la sakafuni.

Na watu hao ni akina nani? Ni wapangaji wa vyumba tunavyoviita muzigo, mlango mmoja, dirisha moja. Wengi ni wenzetu waliotoka makazi ya wakimbizi ya Nakivale kutafuta riziki mjini, Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali. Wakifungua mlango wanakanyaga barabara. Hapo ndipo mama anapoweka jiko la mkaa, anapopanga meza ya chapati, anapoanika nguo. Hapo ndipo watoto wanapocheza mpira wa makaratasi. Asiye na ua, barabara ndiyo ua wake. Wewe mwenye nyumba, ua lako la waridi limemeza ua wa jirani yako, halafu unataka tukusifu kwa usafi!

Sasa niseme lililo gumu kwangu. Michongoma iliyochana shuka la Mama Mdogo ni yangu. Pesa nilituma mimi. Kaka yangu alinipigia akasema wezi wamezidi, tuweke uzio. Nikamwambia uweke, usogeze mbele hatua mbili ili nyumba ionekane. Nilitaka watu wakipita wajue kwamba aliyekwenda ughaibuni hakuwasahau wazazi. Nilikuwa mbali, nikataka kuonekana mtaani kwa mimea kwa kuwa kwa mwili siwezi kuonekana. Naomba msamaha kwenu, na kwa Mama Mdogo asiyeweza tena kunisikia.

Huku nako nilifundishwa kwa kuaibishwa. Mbele ya nyumba yangu, kati ya njia ya miguu na barabara, kuna kipande cha nyasi. Nilikilima, nikapanda mahindi na lengalenga, nikakizungushia mawe. Barua ikaja: ng'oa mahindi, ondoa mawe. Nilikasirika. Nyumba nailipia, kodi nalipa, kumbe hata lengalenga siruhusiwi! Mzee jirani akanitolea ramani ya kiwanja, akaniwekea kidole. Mpaka wangu uliishia kabla ya kile kipande. Kukata nyasi zake ni wajibu wangu, lakini ardhi yenyewe ni ya njia. Chini yake yanapita mabomba, na mahindi yakirefuka, dereva hamwoni mtoto mwenye baiskeli. Niliyang'oa huku nikinung'unika. Ile video ilipokuja, manung'uniko yakaniishia.

Msidhani haya ni mambo ya Wazungu. Uganda ina Sheria ya Barabara ya 2019, nayo, kama ile ya zamani kabla yake, inakataza kujenga au kupanda miti ndani ya hifadhi ya barabara bila kibali. Na Mbarara imekuwa jiji tangu tarehe 1 Julai 2020. Jiji litahitaji barabara zake. Siku litakapozihitaji mtaamka mkute alama ya X nyekundu ukutani, na nyuma yake tinga. Tinga halichagui kati ya baraza la tajiri na meza ya chapati ya mama mjane.

Kwa hiyo nawaomba jambo moja tu: kamba.

Nakumbuka siku tuliyokatiwa kiwanja kule Rubondo, Nakivale. Mtumishi alikuja na kamba. Baba akashika ncha moja, jirani Mrundi akashika nyingine. Kamba ikanyooshwa, kigingi kikapigwa, tukaambiwa: hapa lima, pale ni njia, na njia ni ya wote. Shamba lile halikuwa mali yetu, maana mkimbizi hupewa ardhi ya kutumia, si ya kuuza. Lakini Baba aliiheshimu njia ile mpaka siku tulipohama. Hata maharage hayakuvuka.

Fanyeni hivyo Nyamityobora. Mwenyekiti wa LC1, yaani halmashauri ya mtaa, aitishe mtaa siku ya Jumamosi, na mpima ardhi wa jiji aje na ramani yake. Kamba ifungwe fundo kila mita moja. Mpime kutoka katikati ya njia kwenda pande zote mbili, nyumba kwa nyumba, mchana kweupe, wapangaji nao wakiwepo, si wenye nyumba peke yao. Penye mpaka pawekwe kigingi cha saruji chenye rangi nyeupe, kisichozidi goti. Vipimo viandikwe kwenye kitabu cha mtaa, na majirani wawili waweke sahihi. Kuanzia siku hiyo mtu asimwage saruji kabla kamba haijapita mbele ya nyumba yake.

Ndani ya hifadhi uachwe ukoka tu. Mawe yatoke, miiba itoke, mitaro ifukuliwe. Aliyepanda apewe msimu mmoja wa mvua ahamishie miche ndani ya kiwanja chake, asiharibiwe usiku na vijana wenye panga. Maua si adui. Maua mahali pake ni heshima ya mtaa.

Mtasema: huyu alituacha, leo anatufundisha kuishi. Ni kweli niliondoka. Mlibeba maji, mkabeba wagonjwa, mkambeba mama yangu mdogo, mimi nikabeba simu. Sina haki ya kuwaamrisha. Lakini nina haki ya kulia na nyinyi, na sitaki msiba mwingine upite kwenye njia ile ukiwa umeinama. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi tuliopokewa na Ankole tukapona, tusiwe ndio tunaofunga njia ya wenyeji.

Kaka, pesa ya kamba, saruji na vigingi vya njia yetu yote nimeituma. Usimsubiri mwenyekiti kwa upande wetu. Anza na michongoma yangu, ing'oe mpaka mizizi, na shimo ulisawazishe vizuri watoto wasije wakaanguka. Ukimaliza, niambie ni watu wangapi wanaweza kupita pale wakiwa sambamba.

Ndugu yenu,
mtoto wa Nyamityobora, Ohio