Kliniki ya wajawazito iwe pia ngome dhidi ya saratani

Mapinduzi ya mwaka 1964 yaliifanya tiba Visiwani kuwa haki ya kila mwananchi. Matunda yake huonekana katika vituo vya afya vya shamba na katika Hospitali ya Mnazi Mmoja, mjini Unguja, ambako wajawazito hupimwa damu, shinikizo na virusi vya UKIMWI. Karibu wajawazito wote nchini Tanzania huhudhuria kliniki japo mara moja. Hapana jukwaa lililo bora zaidi la kuwaelimisha juu ya saratani ya mlango wa kizazi, inayoongoza miongoni mwa saratani za wanawake nchini.

Ugonjwa huu hutokana na virusi vya HPV, na kwa kawaida huchukua miaka 15 hadi 20 kukomaa. Adui huyu huja polepole, na anayeshindwa naye mara nyingi hushindwa kwa kuchelewa. Muuguzi hupaka siki iliyozimuliwa kwenye mlango wa kizazi na kutazama kama panageuka peupe. Kazi hiyo ni ya dakika chache tu. Aliyechelewa humbidi kuvuka bahari kwenda Taasisi ya Ocean Road, Dar es Salaam, na huenda tiba isimfae tena.

Wapo wahofiao kuwa kipimo kitadhuru mimba. Hofu hiyo isipuuzwe, bali ijibiwe. Tiba ya dalili za awali kwa kawaida husubiri mama ajifungue. Kwa hiyo miezi ya ujauzito iwe ya mafunzo na ya kupanga miadi. Mtoto hurejeshwa kliniki akiwa na wiki 6 kwa ajili ya chanjo. Siku hiyo hiyo mama aliyetimiza miaka 30, au 25 ikiwa anaishi na virusi vya UKIMWI, naye apimwe. Nauli ni moja, foleni ni moja, na ruhusa ya mume ni moja.

Stara nayo ni haki. Chumba kiwe cha faragha, na mpimaji awe mwanamke kila iwezekanapo.

Shirika la Afya Duniani limetaka asilimia 70 ya wanawake wawe wamepimwa ifikapo mwaka 2030. Lengo hilo halitatimizwa na wauguzi peke yao. Masheha wawaelimishe waume, walimu wahimize chanjo ya wasichana iliyoanza kutolewa nchini kote mwaka 2018, na wakuu wa idara wawape watumishi wanawake nafasi ya kwenda kupimwa. Taifa linalomlinda mtoto kwa chanjo halina budi kumlinda na mama atakayemlea.