Muulize Nahodha, Si Muuza Chupa

Kijana mmoja wa Tanga, mwendesha baiskeli hodari, aliniletea daftari lake la safari. Anataka kuikata Senegal, Mauritania, Sahara Magharibi na Morocco, aanzie Dakar amalizie Tangier. Kurasa sita ni za maji: chupa ngapi, vidonge gani vya kusafishia, chumvi kiasi gani. Kurasa mbili ni za baiskeli, hadi idadi ya spoku za akiba. Upepo haukupata hata mstari mmoja.

Simlaumu peke yake. Taja jangwa mbele ya watu uone kila mtu anavyoshika koo. Tumeshaamini kwamba jangwa ni kiu, na kwamba aliyebeba maji ya kutosha amemaliza mipango. Kwetu sisi wa pwani imani hiyo ni aibu mara mbili. Wazee wetu hawakung'oa nanga kabla ya kuuliza upepo unatoka wapi. Majahazi yalishuka kutoka Oman na Ghuba kwa kaskazi, yakarudi kwa kusi. Nahodha aliyetamani Maskati mwezi wa Januari hakuongezewa mapipa ya maji. Aliambiwa akae asubiri.

Sasa itazame njia ya kijana wangu. Ufuo ule wa Atlantiki hupigwa na pepo za kaskazini na kaskazini-mashariki sehemu kubwa ya mwaka, ndiyo maana waendesha baiskeli wengi huteremka kutoka Morocco kwenda Senegal. Yeye anataka kupanda. Kutoka Nouakchott hadi Nouadhibou ni kama kilomita 470 za lami, mchanga huku na huku, na pa kujibanza ni shida kupapata. Mwili juu ya baiskeli ni tanga, utake usitake. Hewa inayokukabili ikizidisha kasi maradufu, nguvu yake ya kukurudisha nyuma huongezeka mara nne.

Mjuzi ataniambia upepo hauui, kiu ndiyo inayoua. Haya, tupige hesabu ya hiyo kiu. Chukulia mtu anakunywa lita 1 kwa saa. Upepo ukiwa mgongoni, anakwenda kilomita 25 kwa saa. Kilomita 100 ni saa 4, lita 4. Ukiwa usoni anatambaa kilomita 8 kwa saa. Hapo ni saa 12 na nusu, lita 12 na nusu, na kila lita ni kilo moja ya kuisukuma dhidi ya upepo uleule. Kijana ameandika lita 10 kwa siku. Kazitoa wapi, na hajui atakuwa njiani saa ngapi?

Tena maji ya njia ile si adimu kama tunavyotishwa. Ni barabara ya malori. Kuna vituo vya mafuta, kuna mji wa Chami karibu nusu ya njia, kuna vizuizi vya askari, na kuna madereva wanaokupa chupa bila kuombwa. (Askari wenyewe hutaka karatasi yenye maelezo ya pasipoti yako, kila kizuizi nakala moja. Hizo nazo hamna daftarini.) Upepo huwezi kuununua dukani wala kupewa na dereva.

Sisemi wa mgongoni ni rafiki mtupu. Ukienda sawa nao hewa inakuganda, jasho linakutiririka na jua linakuoka. Wa usoni nao hukausha jasho haraka hata ukadhani hutoki jasho, na hapo ndipo watu husahau kunywa. Hata kiu, basi, huja na upepo.

Asiyeamini aanze karibu, aende Loiyangalani, ukingoni mwa Ziwa Turkana. Mitambo 365 ya umeme wa upepo haikusimikwa pale kwa bahati. Upepo unatoka kusini-mashariki. Ajaribu kuuendea kwa baiskeli asubuhi moja tu, na mizigo kwenye keria, kisha anieleze habari za chupa.

Tikiti ya Dakar kijana ameshainunua. Nimemshauri apande mabasi mpaka Agadir, baiskeli juu, halafu ateremke na upepo. Amenuna. Anasema kupanda basi ni kudanganya.